Je, wajua ni kwa nini matangazo madogo ya magazeti ya zamani husema mengi kuliko habari kuu?

Mtu anayetaka kujua vita fulani vilianza siku gani husoma habari kuu za gazeti la wakati huo. Anayetaka kujua watu wa kawaida waliishi vipi hutafuta kwenye herufi ndogo: nafasi za kazi, vyumba vya kupanga, vitu vilivyopotea, tanzia, na barua za wasomaji wanaoomba ushauri wa ndoa. Kwa gazeti la The Times la London hana haja hata ya kufunua kurasa, kwa kuwa hadi Mei 1966 ukurasa wake wa mbele ulijaa matangazo, na habari ziliwekwa ndani.

Sababu ni kwamba habari hueleza jambo lililokiuka mazoea, ilhali mazoea yenyewe hayaandikwi, kwa kuwa mwandishi na msomaji wote wanayajua. Tangazo dogo husimama juu ya mazoea hayo. Aliyelitoa amelipia nafasi, hivyo hutaja yale tu anayoyaona ya lazima, na hana habari kwamba kuna mtu atakayelisoma baada ya miaka mia moja.

Tuchukue nafasi za kazi. Kwa miongo mingi magazeti ya Marekani yalizipanga katika safu mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, na mgawanyo huo haukuwa habari kwa mtu yeyote. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika ajira, safu hizo hazikutoweka mara moja. The New York Times liliziacha mwaka 1968, lakini Pittsburgh Press lilizitetea hadi Mahakama ya Juu, ambako mwaka 1973 lilishindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Anayelinganisha kurasa za kabla na baada ya miaka hiyo huona mabadiliko ambayo hotuba za wanasiasa haziyaonyeshi kwa uwazi kama huo.

Mfano mchungu zaidi ni matangazo ya watumwa waliotoroka, yaliyochapwa hata katika Pennsylvania Gazette, gazeti la Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Ili mtoro atambulike, bwana alilazimika kumweleza kwa ukweli: kimo chake, makovu yake, ufundi wake, lugha anazozungumza, pengine kwamba anajua kusoma na kuandika, au kwamba huenda amemfuata mkewe. Jamii iliyodai kuwa watu hao hawana akili wala utu ilijisuta yenyewe, tena kwa kulipia.

Barua za kuomba ushauri zinahitaji tahadhari. Mwaka 1691 John Dunton alianzisha Athenian Mercury mjini London, likijibu maswali ya wasomaji kuhusu mapenzi, dini na maumbile, na tangu enzi hizo ni mhariri anayechagua barua ya kuchapa, na wakati mwingine huitunga mwenyewe. Hata hivyo, kwa maoni yangu barua ya kubuni si takataka, kwani ilibidi ifanane na matatizo ambayo wasomaji waliyaona yanawezekana.

Kasoro kubwa zaidi ni ya wale wasioonekana kabisa. Mwaka 2018 The New York Times lilikiri kwamba tangu mwaka 1851 tanzia zake nyingi zilikuwa za wanaume weupe, likaanza kuandika za watu lililowaruka. Miongoni mwao alikuwa Ida B. Wells, mwanahabari mweusi aliyefichua mauaji ya Wamarekani weusi yaliyofanywa na makundi ya watu, naye alifariki mwaka 1931.

Leo matangazo madogo yamehamia kwenye intaneti, na mengi hufutwa mara kitu kinapouzwa. Lile la zamani la chumba cha kupanga halikuhifadhiwa kwa thamani yake. Lilisalia kwa kuwa lilichapwa kwenye karatasi ileile iliyobeba habari za bunge, na maktaba ilipotunza habari hizo, ilitunza na chumba.