Mji umekua, au mpaka umesogea? Namna ya kusoma idadi ya watu Lindi na Mtwara

Sensa ya Agosti 2012 iliikuta Manispaa ya Lindi na watu karibu 79,000. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta zaidi ya mara mbili ya hao. Diwani akizisoma namba hizo kikaoni atapigiwa makofi, na mtu wa maji atashika kichwa. Wote wawili wamewahi mno. Katikati ya sensa hizo Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilivunjwa, Mtama ikapata halmashauri yake, na kata za upande wa Mchinga zikaingia manispaa. Mama wa Mchinga hakuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliomfuata.

Upande wa Mtwara ni hivyo hivyo. Nanyamba ilimegwa kutoka Mtwara Vijijini ikawa halmashauri ya mji, na Newala nayo ikagawanywa kuwa mji na wilaya. Ukiweka namba ya Mtwara Vijijini ya 2012 kando ya ile ya 2022 utadhani watu wamekimbia. Na anayerudi nyuma hadi 1967 akumbuke kwamba Mkoa wa Lindi ulizaliwa 1971, kwa hiyo "Mtwara" ya vitabu vya zamani inaweza kuwa na Lindi ndani yake.

Dawa yake ni kazi ya mkono. Chukua orodha ya kata zilizomo ndani ya mpaka wa leo, kisha tafuta idadi ya kila kata hiyo kwenye ripoti ya sensa ya nyuma na uzijumlishe upya. Kata iliyogawanywa ishushe hadi kwenye vijiji au mitaa. Jina lisikudanganye: kata inaweza kubaki na jina lake na kupoteza vitongoji vitatu. Hapo ndipo hesabu nyingi za halmashauri zinapoharibika, na makosa hayo hayaonekani kwa macho kwa sababu jumla ya mkoa inabaki sahihi.

Mpaka ukishakaa sawa, ndipo unatafuta kasi ya ongezeko. Tutumie Mkoa wa Mtwara, ambao mpaka wake haukuguswa: 1,270,854 mwaka 2012 na 1,634,947 mwaka 2022. Wengi hutoa, wakapata ongezeko la 364,093, wakaligawa kwa idadi ya mwanzo (asilimia 28.6), kisha wakagawa kwa miaka 10 na kuandika asilimia 2.86 kwa mwaka. Hesabu hiyo inasahau kwamba mtoto aliyezaliwa 2013 naye yumo kwenye msingi wa mwaka unaofuata, kama riba juu ya riba. Njia sahihi ni kugawa idadi mpya kwa ya zamani (1.2865), kubonyeza LN kwenye kikokotoo (0.2519), halafu kugawa kwa miaka. Jibu ni asilimia 2.5. Kikokotoo cha simu nyingi huonyesha LN ukilaza simu.

Tofauti inaonekana ndogo hadi uisukume mbele. Mkoa ukiendelea na kasi yake halisi, mwaka 2032 utakuwa na watu karibu 2,103,000. Ukitumia ile 2.86 na kuilimbikiza mwaka hadi mwaka, unafika kwenye 2,168,000. Hao 65,000 wa ziada hawapo, lakini zahanati zao zitakuwa zimeshaombewa fedha. Angalia pia miaka unayogawia: kutoka sensa ya 1988 hadi ya 2002 ni miaka 14, na kila mwaka kuna mtu anagawa kwa 10 kwa mazoea.

Ukitaka kujua watu wataongezeka mara mbili lini, gawa 70 kwa kasi hiyo. Mkoa wa Lindi kati ya 2002 na 2012 ulikua kwa asilimia 0.9, maana yake ungehitaji miaka karibu 78. Kati ya 2012 na 2022, ulipotoka 864,652 hadi 1,194,028, kasi ilikuwa 3.2, na miaka inashuka hadi 22. Maana yake ni mipango miwili isiyofanana kabisa, kwa mkoa ule ule.

Kasi ya uzazi wa mkoa hairuki zaidi ya mara tatu ndani ya miaka kumi. Ukiona mruko wa namna hiyo, usiutafute leba. Tafuta waliohamia, tafuta walioacha kuondoka, na uangalie uhesabuji wenyewe. Ile 0.9 ya mwanzo ilikuwa dalili ya watu kutoka. Kusini imepeleka vijana Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa, na neno machinga, tunalomwitia mfanyabiashara ndogondogo nchi nzima, linaelezwa kuwa limetokana na Wamachinga wa Lindi. Kwa upande wa kuingia, wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu kuanzia 2006 walielekezwa Lindi. Kisha uhesabuji: 2022 makarani walibeba vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na kaya iliyorukwa ikawa rahisi zaidi kugundulika. Sehemu ya ongezeko la kwenye karatasi huenda ni watu waliokuwepo siku zote. Kwa maoni yangu jambo hili halisemwi vya kutosha.

Watu wa kusini wamewahi kufuata kazi kwa wingi pia. Mji wa Mtwara, tofauti na Mikindani iliyouzidi umri kwa mbali, ulichipuka na mradi wa karanga ulioanza 1947. Mradi ukafa 1951, bandari ya kina kirefu ikafunguliwa 1954, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa miaka ya 1960 mwanzoni. Mji ulibaki.

Uhamaji huacha alama kwenye uwiano wa jinsi. Mwaka 2012 Mkoa wa Mtwara ulikuwa na wanaume 599,648 na wanawake 671,206, sawa na wanaume 89 kwa kila wanawake 100. Lindi ilikuwa 92. Huzaliwa wavulana wengi kidogo kuliko wasichana, kwa hiyo pengo la ukubwa huo si la uzazi. Likianzia kwenye rika la miaka 20 hadi 34, wanaume wamekwenda kutafuta. Likiwa kubwa kwa wazee tu, ni vifo.

Pia kaya za huku ni ndogo. Wastani wa Mtwara mwaka 2012 ulikuwa watu 3.7. Mtendaji anayegawa vyandarua kwa kukadiria watu 5 kwa kaya atahesabu kaya 200 kwenye mtaa wa watu 1,000, wakati zilizopo ni kama 270. Milango 70 itakosa, na lawama zitamwangukia mwenyekiti wa mtaa.

Sasa usiku wa sensa wenyewe. Anayehesabiwa ni aliyelala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, awe mwenyeji au mgeni. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23. Agosti mikorosho iko kwenye maua na vibibo vya mwanzo. Mavuno na minada ya Oktoba havijafika, wala vibarua, madereva na wanunuzi wanaofurika Masasi, Newala na Tandahimba. Choo cha stendi kikijengwa kwa namba ya Agosti kitajaa Novemba. Kwa wavuvi ni kinyume chake: aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, anahesabiwa huko alikolala, na mkewe nyumbani humtaja kwa mazoea kwamba yupo, akahesabiwa mara mbili. Karani makini huuliza, "Jana usiku alilala hapa?" Haulizi, "Anaishi hapa?"

Umri nao una ugonjwa wake. Wengi hutaja miaka inayoishia na 0 au 5, hivyo grafu ya umri mmoja mmoja inakuwa na vilima kwenye 30, 40 na 50 na mabonde kandokando. Karani hutumia kalenda ya matukio. Bibi wa Lindi asiyejua mwaka aliozaliwa anaweza kujua kama alikuwa ananyonya au anachota maji wakati wa kimbunga cha Aprili 1952. Kichanga cha wiki moja ndicho kinachosahaulika zaidi, hasa kama hakijapewa jina, kwa hiyo swali la "nani mwingine, hata mtoto mchanga?" lisirukwe.

Kwa mtendaji wa kata, hesabu yenye faida ya haraka ni ya darasa la kwanza. Chukua watoto wa umri wa mwaka 1 kwenye sensa ya 2022. Hao ndio wengi watakaofikisha miaka 6 kwa ajili ya kuanza shule Januari 2028. Tuseme kata ina 360. Kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba, unahitaji vyumba 8 vya darasa la kwanza peke yake. Punguza kidogo kwa vifo na kwa familia zinazohama, ongeza kama kuna viwanja vipya vinavyojengwa, na ukague na rejesta ya chanjo ya zahanati. Rejesta ikizidi sensa kwa mbali, uliza kwanza kama akina mama wa kata jirani wanachanjia hapo. Mara nyingi jibu ni ndiyo.