Usimeze Panadol ili upite kipimo: maswali ya wasafiri wa likizo kuhusu karantini

Kila Desemba na kila likizo ya shule, watu wakijiandaa kwa basi la Mombasa au ndege ya Dubai, naulizwa maswali yale yale. Mimi ni muuguzi. Nimewahi kukaa kwenye meza ya kupima joto mpakani, na sasa nachanja wasafiri katika kliniki moja hapa Kampala. Pale mpakani palikuwa na choo hatua chache kabla ya meza yetu. Jioni mfagizi akimwaga pipa la choo kile, zilitoka karatasi za Panadol zilizobanwa zikabaki tupu, nyingine zimetolewa vidonge vinne kwa mkupuo. Sijazisahau, na ndizo zilizonifanya niandike majibu haya.

Karantini ni nini hasa?

Ni kumweka mahali pamoja mtu ambaye haumwi, lakini huenda ameambukizwa, mpaka siku za ugonjwa kujitokeza zipite. Anayeumwa tayari hawekwi karantini, huyo hutengwa na kutibiwa. Marufuku ya kusafiri ni jambo la tatu: serikali inafunga njia, uwe mzima au mgonjwa. Watu huyachanganya haya, ndiyo maana mtu akitajiwa karantini huangua kilio kana kwamba ameambiwa anakufa.

Kwa nini Korona ilikuwa siku 14 na Ebola ni 21?

Kila kirusi kina muda wake wa kujificha mwilini. Cha Korona mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza, na siku 14 ziliwekwa ili kuwafikia hata wanaochelewa. Cha Ebola huchukua siku 2 hadi 21, na cha Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, vilevile. Kuna tofauti nyingine kubwa: mwenye Korona huweza kuambukiza kabla hajahisi chochote, lakini mwenye Ebola haambukizi mpaka dalili zianze. Kwa hiyo kwa Ebola, saa ile homa inapoanza ndiyo saa ya kusema.

Nikipimwa nikakutwa sina kirusi, si niachiwe niende?

Hapana. Ukipanda maharage leo, kesho ukiangalia shamba utaona udongo mtupu. Huwezi kusema hakuna mbegu. Kipimo cha leo kinasema habari za leo.

Tiketi nimeshalipa, watoto wamefurahi, na nina homa kidogo tu. Nikimeza Panadol mbili kabla ya kupimwa, kuna ubaya gani?

Usimeze kwa nia hiyo. Naomba nieleweke: Panadol ni dawa nzuri, na ukiwa na homa utapewa na sisi wenyewe. Ninachokikataa ni kuimeza ili kumdanganya anayekupima.

Panadol inashusha joto kwa saa nne hadi sita, basi. Haigusi kirusi. Utapita pale mezani, utaketi kwenye basi lililojaa, na kabla hujafika Nairobi homa itakuwa imerudi. Hapo ubavuni mwako kuna mama na mtoto wake mchanga, na hakuna muuguzi.

Nakumbuka dada mmoja aliyekuja mezani amejitanda shuka ya Kimasai, jua la saa saba linawaka. Kipimajoto kikasoma kawaida. Lakini jasho lilikuwa limemtiririka juu ya mdomo, na alipotoa pasipoti vidole vilikuwa vinatetemeka. Nikamuuliza, "Dada, umemeza nini?" Akasema hakumeza kitu. Nikauliza tena, akaanza kulia, akanionyesha karatasi ya dawa ndani ya pochi. Ilikuwa malaria, na ilikuwa kali. Angesafiri usiku kucha na malaria ile, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo.

Tena wengi hawamezi mbili, wanameza nne, na baada ya saa mbili wanaongeza nyingine "ili nisikamatwe". Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ukizidisha unaliumiza ini, na Ebola yenyewe hushambulia ini.

Basi nikichoma sindano ya diklofenaki?

Hiyo ni mbaya zaidi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Kama homa yako inatokana na Ebola au Marburg, umejiongezea tatizo. Muuza duka la dawa akikuchoma bila kukuuliza umetoka wapi, jua hajakusaidia.

Lakini nilipimwa Entebbe nikaruhusiwa. Si maana yake ni mzima?

Siyo. Narudia kwa sababu hili nalisikia kila wiki: kupita kipimo cha joto si cheti cha afya. Kile kifaa kinasoma joto la ngozi kwa dakika ile moja. Hakioni kirusi kilichojificha, na hakioni homa uliyoishusha kwa vidonge.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona kuthibitishwa Uganda alifika Entebbe kutoka Dubai tarehe 21 Machi 2020, na kilichomfichua uwanjani ni joto la mwili. Fikirieni kama joto lile lingekuwa limeshushwa angani, ndege ikikaribia kutua. Kipimo kile kinafanya kazi kwa mtu asiyekidanganya.

Nimerudi safari, siku ya nane nikapata homa na kichwa kinauma. Si nianze dawa ya malaria kwanza, nione?

Hilo "nione" ndilo linaloua. Usianze kuona nyumbani. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na neno la kwanza mlangoni liwe: nilikuwa safari, mahali fulani, nilirudi siku fulani.

Najua kwetu homa ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini ninaowaona mimi wanakuja siku ya tano. Wamemeza dawa ya malaria nusu dozi, wakaenda duka la pili wakapewa antibiotiki, jirani akaleta mizizi, na safari ya likizo haijatajwa popote. Hata kipimo cha malaria kikionyesha kwamba unayo, hakikatai kwamba una kitu kingine. Magonjwa mawili huweza kukaa katika mwili mmoja.

Ebola iliyotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 ilithibitishwa kwa watu 142, na 55 kati yao walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023. Ile ya Kampala ilitangazwa tarehe 30 Januari 2025, baada ya muuguzi mwenzetu kufariki akiwa ameshatafuta tiba sehemu kadhaa, hadi kwa mganga wa kienyeji. Milipuko yote miwili ilikuwa ya aina ya Ebola iitwayo Sudan, ambayo wakati huo haikuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Tegemeo kubwa la waliopona lilikuwa maji ya mishipani, chumvi za mwili kurekebishwa, oksijeni, na uangalizi wa karibu. Huduma hiyo inataka uwahi. Siku ya tano umeshachelewa.

Mpakani wanasumbua. Kuna njia ya panya, boda anakuvusha kwa dakika kumi. Hiyo je?

Waulize watu wa Kasese. Juni 2019 familia moja iliyokuwa imemuuguza na kumzika mzee wao Kongo ilikuwa imezuiwa Kasindi, mpakani upande wa Kongo, kwa sababu baadhi yao walikuwa na dalili. Wakatoroka, wakavuka kwa njia ya pembeni. Mtoto wa miaka mitano akapelekwa hospitali ya Kagando akitapika damu, akathibitishwa kuwa na Ebola, akafariki. Bibi yake akafuata, kisha mdogo wake wa miaka mitatu. Siwalaumu kwa uchungu waliokuwa nao. Lakini mtoto yule alihitaji kitanda na maji ya mishipani mapema, na kutoroka kulimchelewesha.

Ukiwa umekutana na mgonjwa na umeambiwa ufuatiliwe siku 21, safari yako imeahirishwa. Harusi ya Nairobi, fukwe za Zanzibar, vyote vitangoja.

Kwa hiyo unaunga mkono nchi kufunga mipaka?

Karantini naiunga mkono. Marufuku ya jumla, hapana, isipokuwa kwa muda mfupi. Mara nyingi marufuku huchelewesha ugonjwa tu bila kuuzuia moja kwa moja, na huwasukuma watu kwenye njia za panya ambako hakuna anayepima. Na Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri mara kwa mara nchi zisiifungie mipaka nchi yenye mlipuko, maana nchi ikiadhibiwa kwa kusema ukweli, kesho itanyamaza. Afrika Kusini ilitangaza Omicron, aina mpya ya Korona, Novemba 2021, na ndani ya siku chache milango ikafungwa kwa nchi za kusini mwa Afrika.

Ila wewe msafiri huamui hayo. Machi 2020 Entebbe ilifungwa kwa abiria kwa taarifa ya siku moja hivi, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba. Juni 2021 Falme za Kiarabu zilisimamisha abiria kutoka Uganda, na mwezi huohuo Uingereza ikatuweka kwenye orodha nyekundu: aliyeruhusiwa kuingia akitoka Uganda alikaa hoteli ya karantini siku 10 kwa gharama yake. Kabla ya kulipa, uliza ubalozi wa nchi unayokwenda, na ununue tiketi inayobadilishika tarehe.

Kadi ya manjano nikiinunua barabarani?

Usinunue. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote. Huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, basi usije kwangu Ijumaa ukiwa na ndege Jumamosi.

Nikiugua nikiwa ughaibuni, nitaje kwamba nimetoka Uganda? Naogopa watanifungia.

Taja. Daktari wa Dubai au London asipojua umetoka Uganda, hatafikiria malaria, na malaria ya kwetu huweza kumuua mtu kwa siku chache. Kuficha ulikotoka kunakuua kwa ugonjwa unaotibika.

Tayari nilimeza Panadol nikapita. Leo homa imerudi. Nifanye nini?

Usipande taksi ya abiria wala boda. Kaa chumba cha peke yako, mtu mmoja tu akuhudumie bila kukugusa, na piga simu ya bure ya Wizara ya Afya ya Uganda, 0800 100 066, au simu ya kituo chako cha afya, ili uelekezwe na upelekwe salama. Kunywa maji. Andika kwenye karatasi mahali ulipolala safarini, uliokula nao, mgonjwa uliyemtembelea, mazishi uliyohudhuria. Hatutakugombeza. Tuambie tu ulimeza vidonge vingapi, na saa ngapi.