Mahema ya kifahari Okavango: uliza kitalu kwanza

Msimu wa kuulizia Botswana ukifika, wateja hunitumia picha ileile: hodhi la kuogea barazani mwa hema, tembo wanakunywa maji kwa mbali. Chini yake swali: "Hii ndiyo dola 2,000?" Ndiyo, na ni kwa mtu mmoja, usiku mmoja. Kati ya Juni na Oktoba kambi za daraja la juu kwenye delta ya Okavango hupita hata hapo. Ila hodhi hilo ndilo kitu rahisi kuliko vyote pichani.

Ninapanga safari nikiwa Arusha, na wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wanaoijua Serengeti na Mara tangu ziara za shule. Wanyama hawajawachoka. Wamechoka foleni ya magari ishirini kumzunguka duma mmoja. Hao ndio ninaowaeleza habari ya vitalu.

Kaskazini mwa Botswana, nje ya Pori la Akiba la Moremi, ardhi imekatwa vitalu vyenye namba zinazoanza na NG, kifupi cha Ngamiland, jina la wilaya. Kitalu hukodishwa kwa kampuni au hushikwa na jumuiya ya wanakijiji, na aliyekishika ndiye mwenye haki ya kuingiza wageni. Kinaweza kuwa na makumi ya maelfu ya hekta, na ndani yake kambi mbili tatu tu, kila moja na mahema manane au kumi. Piga hesabu ya magari mwenyewe. Chui akionekana mtini, mtakuwa magari mawili pale, la tatu linasubiri zamu kwa redio. Unalipia ule utupu. Serikali yao imeshikilia kwa miaka mingi sera ya wageni wachache wanaolipa sana, na kama faida inawafikia wanakijiji wa kandokando ni swali halali ambalo hata mimi huwauliza wenyeji wangu.

Sheria nazo hubadilika ukivuka mpaka. Ndani ya Moremi gari haliachi njia, na giza likiingia liwe limerudi kambini. Kwenye kitalu binafsi mnaruhusiwa kukata porini, kutembea kwa miguu na mwongozaji, na kutoka usiku kwa taa. Tofauti utaiona siku ya mbwa mwitu. Kundi likianza kuwinda halingoji mtu: linapenya vichakani, na gari lililofungwa barabarani huambulia mikia. Kwenye kitalu dereva anakanyaga mafuta, matawi yanakwangua ubavuni, mnafuatana nao mpaka swala anaanguka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitanda kina upana gani, uliza: kambi iko NG ngapi, na ni kampuni ngapi zinazoingiza magari humo? Khwai, kwa mfano, ni ardhi ya jamii, wanyama tele, bei nafuu kiasi, ila msimu ukipamba moto magari ni mengi. Mimi huiuza bila aibu kwa mwenye bajeti ya kati. Anayekuuzia Khwai kwa bei ya kitalu chenye mwenyewe mmoja, mkimbie.

Swali la pili ni maji. Mvua hunyesha Angola, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, maji yakashuka kwa mito Cubango na Cuito, yakakatiza Namibia, kisha yakaingia Botswana kwenye tambarare isiyo na mteremko wa maana. Hapo hutambaa. Yanakaribia Maun, mji ulio ukingoni mwa delta, mwezi Juni au Julai, wakati kwenye delta yenyewe hakujanyesha kwa miezi. Mafuriko yanakuja kiangazi, na ndiyo maana wanyama hujazana. Baharini hayafiki, karibu yote huishia kwa jua, mimea na mchanga wa Kalahari. UNESCO iliiweka delta hii kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, ikiwa ya 1,000.

Kambi ya majini itakupa mtumbwi, wenyewe huuita mokoro. Zamani ulichongwa kwa gogo, siku hizi mingi ni ya fibaglasi, na mwendeshaji husimama nyuma akipiga pondo kwenye kina kifupi, mbali na viboko. Umekaa chini kiasi kwamba macho yako usawa wa matete. Atasimamisha mtumbwi akuonyeshe chura mdogo kama ukucha, ameganda kwenye shina. Nzohe, swala wa kwenye majimaji, ukimwona, una bahati. Simba wengi wako upande wa nchi kavu. Gawa siku zako: nusu huku, nusu kule.

Hema lenyewe ni turubai juu ya jukwaa la mbao, wavu mahali pa dirisha, maji moto, umeme wa jua. Uzio hakuna. Jua likizama hutoki peke yako. Mwongozaji anakuja kukuchukua kwenda kula, na kando ya kitanda kuna honi ya dharura. Usiku tembo hutikisa mikoche (jamaa wa ile ya Mikocheni) na koche zinaporomoka juu ya mbao. Baridi ya Juni na Julai hukaribia nyuzi sifuri, nao watakuwekea mpira wa maji moto chini ya blanketi. Gari la alfajiri liko wazi, halina vioo: beba koti zito na kofia ya sufu. Oktoba ni kinyume, joto hufika 40.

Kutoka Maun ni ndege ndogo mpaka uwanja wa vumbi. Mzigo kilo 20 pamoja na kamera, kwenye begi laini lisilo na magurudumu, maana gumu halipiti kwenye mlango wa shehena chini ya tumbo la ndege. Bluu na nyeusi vaa tu: ndorobo wa delta, ambao huvutwa na rangi hizo, walimalizwa kwa dawa ya kunyunyizia kutoka angani mwaka 2001 na 2002. Nguo hufuliwa kambini bure, pea tatu zinatosha. Chupi ndizo kambi nyingi hazifui, utakuta sabuni ya unga kwenye kikopo bafuni.