“Hakikisha iko 300”: Dhana potofu kuhusu picha za kompyuta, kutoka meza ya steshenari Kigoma

Wateja wanaoleta kazi za kalenda na mabango kwenye steshenari za Mwanga siku hizi wanakuja na masharti yao kabisa. “Kaka, hakikisha iko 300.” Amesikia kwa mtu, na huyo naye alisikia kwa mtu. Tuanze na hiyo 300, yaani vinukta 300 kwa kila inchi ya karatasi, maana ndiyo inayotuchelewesha kuliko zote.

“Picha ikitolewa 72 ikawekwa 300 inakuwa safi.”

Haiwi. Picha ya kompyuta ni jedwali la vinukta vya rangi, yaani pikseli, na kila pikseli ni namba tu. Mwaka 1957 huko Marekani, Russell Kirsch aliskani picha ya mwanawe mchanga na kuiingiza kwenye kompyuta, ya kwanza ya aina yake: pikseli 176 kwa 176. Ziko 30,976, na zitabaki hizo hizo hata uiandikie faili 72, 300 au 3000. Ile namba ni maagizo kwa printa: weka pikseli kadhaa ndani ya kila inchi. Ukiipandisha bila kugusa pikseli zenyewe, picha inatoka ndogo kwenye karatasi, basi. Ukiiamuru programu iongeze pikseli, itabuni mpya kwa kukadiria kutoka kwa zilizo jirani. Faili litanenepa na ukungu utabaki pale pale.

Cha kuuliza ni pikseli ngapi zipo, na zinakwenda kwenye karatasi ya ukubwa gani. Chukua picha ya MV Liemba uliyotumiwa WhatsApp, upana pikseli 1600. Kwenye kadi ya A5 iliyolazwa, sentimita 21, unapata kama pikseli 193 kwa inchi. Inapita. Kwenye kalenda ya A3 unabaki na 97, na hapo mtu akiishika mkononi anaona mlingoti wa meli umekuwa ngazi ngazi, na kuzunguka herufi za jina lake kuna vimiraba vya uchafu. Vimiraba hivyo ni kazi ya JPEG, aina ya faili inayobana picha ili iwe nyepesi: inagawa picha kwenye vyumba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa vitu vidogo ambavyo kwa kawaida jicho halitambui kuwa vimeondoka. Ikibanwa tena na tena, jicho linaanza kuliona pengo. Ndiyo maana tunaomba utume picha kama dokyumenti: ikipita njia hiyo, WhatsApp haiibani.

Lakini msije mkaogopa mabango makubwa. Picha hiyo hiyo ikitandazwa kwenye bango la mita 3 kwa 2, kila pikseli inakuwa karibu milimita 2, na mtu aliyesimama mita 20, ng’ambo ya barabara ya Ujiji, hawezi kuitofautisha na jirani yake. Anayeng’ang’ania 300 kwenye bango la namna hiyo anadai faili la pikseli zaidi ya milioni 830. Kompyuta zetu nyingi zitaganda kabla hata hujaandika jina la mgombea.

“Nembo yetu ni vekta, si ipo kwenye PDF?”

Kikundi cha akina mama wa dagaa wa Kibirizi wakitaka nembo ya kwenye fulana na ya kwenye ubavu wa boti, vekta ndiyo yenyewe. Vekta haihifadhi pikseli; inahifadhi maelezo ya umbo: anza hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza bluu. Mipindo hiyo ilikuzwa na watu wa viwanda vya magari vya Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, waliokuwa wakitafuta namna ya kuuelezea mwili wa gari kwa hesabu. Kompyuta huichora upya kwa kila ukubwa, kwa hiyo haichakai.

Ila PDF ni mfuko tu. Ukitia JPEG ndani ya CorelDRAW, programu ya kuchorea vekta, ukasevu PDF, umetia JPEG mfukoni. Ifungue, kuza ukingo wa herufi mpaka mwisho: ukibaki mkali, ni vekta; ukiona miraba, umeuziwa picha. Ndugu yangu, kabla hujamlipa dizaina fanya kipimo hicho mbele yake.

“PNG haina mandharinyuma.”

Inaweza kukosa, si lazima ikose. PNG, aina nyingine ya faili la picha, inaruhusu kila pikseli kubeba namba ya nne juu ya zile tatu za nyekundu, kijani na bluu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255, ya kusema ionekane kiasi gani. JPEG haina nafasi hiyo. Na zile nembo za kupakua mtandaoni zenye vimiraba vya kijivu na vyeupe, mara nyingi vimiraba vimo ndani ya picha yenyewe. Vitachapwa.

“Mmenibadilishia rangi.”

Lawama hii tunaipata zaidi kwenye stika za chupa za mawese. Kwenye simu chungwa linawaka, kwenye stika limepoa. Kioo cha simu kinatoa mwanga mwekundu, kijani na bluu, kila mmoja kwa viwango 256, hivyo michanganyiko 16,777,216. Karatasi haitoi mwanga. Wino wa siani, majenta, njano na mweusi unapunguza mwanga unaoiangukia. Kuna rangi ambazo kioo kinazo na wino hauna, bluu kali ikiwa ya kwanza: ikichapwa huelekea zambarau. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano, na uitazame nje kwenye jua, si chini ya taa ya dukani.

“Ukiwa na kadi kubwa ya grafiki, 3D inatoka nzuri zaidi.”

Kwa wanaochora ramani za nyumba: kadi hiyo, kifaa cha ndani ya kompyuta kinachokokotoa picha, inaleta kasi. Nyumba ile ile, programu ile ile, mipangilio ile ile, mashine dhaifu itatoa picha ile ile, ila baada ya usiku kucha, umeme ukiruhusu. Ubaya wa picha nyingi za 3D tunazoziona uko kwenye taa na vivuli alivyoweka mchoraji.

“Weka kwenye AI, sura itarudi.”

Hii ndiyo ninayoikataa kabisa. Sura yenye pikseli 40 kwa 40 ina vinukta 1,600. Kope, kovu na kidoa cha shavuni havimo. Programu ya AI, yaani akili bandia, inajaza kutokana na sura nyingine ilizojifunza, inatengeneza uso mkali wa mtu ambaye hajawahi kuishi, na kwenye picha ya msiba ndugu wanalitambua hilo kabla ya yeyote. Kama ile ya karatasi bado ipo sandukuni, ileteni tuiskani kwa pikseli 600 kwa inchi. Hata ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, inatoa takriban 827 kwa 1,063, na hizo zinatosha fremu ya ukubwa wa postikadi.