Anza na miguu ya Bwana na Bibi

Nachora mabango hapa Tabora mjini, na hakuna mchoro unaonitoa jasho kama Nembo ya Taifa, ile tunayoiita Bwana na Bibi. Wengi huanza na nyuso. Mimi siku hizi naanza na miguu.

Miaka kadhaa nyuma nilichora bango la ofisi moja ya kijiji upande wa Igunga. Likasimikwa, makofi yakapigwa. Mzee mmoja mkulima akalisogelea, akainama, akasonya. "Fundi, pamba hii umeiona wapi?" Pamba nilikuwa nimemwekea Bwana, karafuu nikampa Bibi, tena pamba yenyewe ilifanana na waridi. Mzee akaniletea kitumba, akakifungua kiganjani mwangu: vyumba vinne, kila kimoja na kishungi chake cheupe. Nikalirudia bango bure.

Pale miguuni ndipo Muungano unapoonekana. Karafuu, ya Bwana, ni zao la Zanzibar, na hasa Pemba. Pamba, ya Bibi, ni ya Bara. Tumbaku iliyotusomesha wengi wetu huku haimo, wala asali. Basi, nimeshasamehe.

Wawili hao wamesimama juu ya Kilimanjaro, mlima ulikowashwa Mwenge wa Uhuru mwaka 1961, na kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Kwa mtu wa Tabora pembe hizo si pambo tu. Karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba mabegani mpaka Bagamoyo. Nikizichora, huzipa uzito.

Ngao ina sehemu nne. Juu kabisa ni mwenge kwenye rangi ya dhahabu, yaani madini. Chini yake bendera. Kisha wekundu wa udongo wenye rutuba, ambapo jembe na shoka vimepishana na mkuki umesimama katikati. Wateja hupenda mkuki mkubwa. Nakataa: huo ni wa kulinda uhuru, lakini kazi inafanywa na jembe na shoka. Mwisho ni mawimbi ya bluu na meupe, bahari na maziwa yetu. Mchoraji mvivu huyanyoosha yakawa mistari, na hapo Ziwa Tanganyika limeshakauka.

Utepe wa "Uhuru na Umoja" nauacha mwishoni, mkono ukiwa umechangamka, maana herufi lazima zifuate mkunjo wake.

Kitumba cha yule mzee bado ninacho, kimekauka, kwenye kopo la brashi.