Jamani, sorry ya kwenye Lean sio komenti

Jumamosi hapa Njiro nimemsikia tena mtu anamwelekeza dogo, "weka tu sorry hapo, ni kama komenti, code itarun." Nimeshaisikia mara nyingi mno, ngoja niiandike.

Kwa kifupi, Lean ni lugha ya programu ambayo humohumo unathibitisha kwamba ulichoandika ni sahihi. Pale uthibitisho haujakamilika unaandika sorry, inakubali, inakupa onyo, unaendelea na kazi.

Sasa hilo neno. Sisi tukisikia sori tunawaza pole ya mtu aliyejikwaa, kumbe hii ni samahani ya mtu anayedaiwa. Isabelle na Rocq ni programu nyingine za kuthibitisha kama Lean: Isabelle nao wana sorry hiyohiyo, Rocq wanaandika Admitted. Na kuthibitisha kwetu kumetoka kwenye thabiti, kitu kisichotikisika, kwa hiyo ukiweka sorry umekiri kwamba hapa bado panatikisika. Komenti Lean inairuka tu, ila sorry inaiandika, kama mangi anavyokuandika kwenye daftari ukichukua unga bila hela. Daftari lenyewe lipo, andika #print axioms na jina la fankisheni yako, utakuta sorryAx, yaani alama ya ile sorry yako, imekaa pale.

Ndiyo maana #eval, amri ya kurun code humohumo kwenye Lean, inakataa kurun kitu chenye sorry, hata kama imejificha kwenye fankisheni nyingine huko ndani. Watu wanasema "si uthibitisho haurun, unafutwa wakati wa kukompaili?" Kweli unafutwa, na hatari ndiyo hiyo! Chukua orodha #[1, 2, 3], iite a, halafu uombe a[10], yaani kitu chenye namba 10 humo, Lean inadai uthibitisho kwamba 10 iko ndani ya ukubwa wa orodha, ukishautoa haikagui tena wakati wa kurun, inaenda moja kwa moja kwenye memori. Ukidanganya kwa sorry inaenda kusoma mahali pasipo pako, programu inaweza kukrash au ikakuletea takataka, na ukikuta namba inayoonekana ya kawaida ndo mbaya zaidi maana utaiamini.

Ipo #eval! yenye alama ya mshangao, inarun hivyohivyo, lakini hapo umeshasema hatari unaijua. Kama ulichotaka ni kujaribu tu code wakati uthibitisho bado, andika a[10]? (na alama ya kuuliza), itakupa none, yaani hakuna kitu hapo, na hakuna kitakachovunjika.

Kwa hiyo dogo, ile meseji ya #eval kukataa uliyoipata sio bug, na Lean haijagoma. Rudi kwenye ule mstari wa sorry, weka if h : i < a.size (i ni namba ya kitu unachotaka, a.size ni ukubwa wa orodha) kabla ya kuchukua kitu kwenye orodha, halafu run #eval yako ya kawaida.