Bromoperoksidesi haina bromini ndani yake

Juzi tena nimemsikia mtu anaeleza kwamba bromoperoksidesi ya mwani wa baharini ni "kimeng'enya chenye metali ya bromini", na waliokuwepo wakaitikia tu. Hapo kuna makosa mawili kwa mpigo: bromini sio metali, na wala haimo kwenye muundo wa hicho kimeng'enya. Metali yake ni vanadi.

Maana yenyewe ni fupi. Kimeng'enya kinachotegemea metali ni protini ambayo ukiinyang'anya metali yake, kazi inasimama.

Tatizo liko kwenye jina. Hili jina linataja kazi, halitaji kilichomo. "Peroksidesi" ni kwa sababu kinatumia peroksaidi ya haidrojeni, na "bromo" ni kwa sababu kinaoksidisha (yaani kinaipokonya elektroni) bromidi, ambayo ni bromini yenye chaji hasi na iko tele kwenye maji ya bahari. Halafu kuna kanuni ambayo wengi hawaambiwi: kati ya kloridi, bromidi na iodidi, jina linafuata ile ngumu kuliko zote kuoksidisha ambayo kimeng'enya kinaiweza. Ngumu zaidi ni kloridi, inafuata bromidi, halafu iodidi. Kwa hiyo kloroperoksidesi inaziweza zote tatu, bromoperoksidesi inaweza bromidi na iodidi, iodoperoksidesi inaishia kwenye iodidi tu. Yaani hilo "bromo" ni kama kipimo cha nguvu, na ukilisoma kama orodha ya viungo umeshapotea.

Na neno "bromo" lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, bromos, uvundo, maana bromini inanuka vibaya, mkemia Mfaransa Balard aliitambua mwaka 1826 kutoka maji ya chumvi kule Ufaransa. Vanadi haihusiani kabisa na hayo, mkemia wa Uswidi Sefström aliipa jina mwaka 1830 kutokana na Vanadís, jina jingine la Freyja, mungu wa kike wa uzuri wa watu wa Skandinavia, kwa sababu ya rangi nzuri za misombo yake.

Sasa tuingie ndani. Kwenye mwani wa kahawia Ascophyllum nodosum, ambao muundo wa kimeng'enya chake ulichapishwa 1999, vanadi inakaa kama vanadati: atomu moja ya vanadi, imezungukwa na oksijeni nne na naitrojeni moja ya histidini, amino asidi mojawapo ya hiyo protini. Hiyo histidini ndo pekee inayoishika vanadi moja kwa moja, amino asidi nyingine za jirani zinashikilia zile oksijeni kwa bondi za haidrojeni, basi. Ukikiweka kimeng'enya kwenye asidi kidogo pamoja na EDTA (kemikali inayonasa metali) na fosfati, vanadi inatoka na kazi inakufa, ukirudisha vanadati kinaamka tena, ila uondoe fosfati kwanza maana umbo lake linafanana na vanadati na inaweza kukalia kiti chake. Kwangu mimi huo ndo uthibitisho mzuri kuliko wote wa neno "kutegemea".

Tena hiyo vanadi haipotezi wala kupokea elektroni njiani kama chuma cha peroksidesi za himu (zile zenye kiini cha chuma kama cha damu), inabaki na hali yake ya oksidisho ya +5 muda wote, inaishika peroksaidi na kuiweka tayari kwa bromidi.

Kwa hiyo ukiandika tena, andika "bromoperoksidesi inayotegemea vanadi", na bromini uitaje pale unapoeleza kimeng'enya kinafanyia kazi nini.